Jina la Jalalani

Tandika, Temeke
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo yangu nyingine mfikishie Baba. Goti lako limetulia tangu mvua zikatike? Mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kutoa maua? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechafuka, na nataka habari hii uipate kwangu kabla mama mdogo hajaituma kwa maneno yake. Kazi ya mapokezi kule Kinondoni nimeiacha. Hawakunifukuza. Nimeondoka kwa miguu yangu, kwa ajili ya jina ulilonipa.

Nilikuandikia kuwa duka lile la mafriji na redio limepata wenyewe wapya. Meneja waliyemleta ni Mtanzania mwenzetu, kijana wa tai, hamalizi sentensi bila kutaja soko huria. Wiki iliyopita alitugawia vibao vya plastiki vya kubandika kifuani. Atupele, dada wa Tukuyu tuliyekuwa tukikaa naye kaunta, chake kiliandikwa Betty. Changu kiliandikwa Tina.

"Bosi, hiki si changu," nikamwambia.

"Ni chako, sista. Mteja ana hela zake mkononi, umwambie unaitwa Mtupeni? Si atakimbia! Wazazi wako walikuchukia nini?"

Vijana wa stoo wakacheka. Mmoja akadakia, "Tumtupe wapi bosi, Ubungo au Kiwalani?" Wakacheka tena, na yeye meneja akacheka nao.

Mama, wewe hujawahi kunisimulia, na sijawahi kukuuliza. Ni bibi aliyeniambia kwamba kabla yangu mlizika watoto, na nilipozaliwa hukuthubutu kunipa jina zuri. Jirani yetu Bi Zuhura alinibeba alfajiri akanilaza jalalani, juu ya maganda ya mihogo. Akaizunguka nyumba, akarudi kuniokota, akaingia mlango wa mbele akipaza sauti: "Nimeokota kitoto kimetupwa, nani anakitaka?" Nawe ukajibu kama mtu asiyejali, "Kilete, nitakilea mie." Kifo kisikie kwamba mimi ni wa kutupwa, sina mwenyewe, kipite. Kusema hivyo huku maziwa yanakutoka! Halafu mtu wa tai anauliza kama nilichukiwa.

Na Atupele, kwao maana yake ni kwamba Mungu amewajalia. Wazazi wake walishukuru kwa neno moja, huyu bwana amelifuta kwa kipande cha plastiki.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Pale dukani kuna Mzungu, fundi mshauri, Bwana Crookshank. Nilikwenda maktaba nikafungua kamusi kubwa: ni jina la ukoo wa zamani, maana yake miguu iliyopinda. Labda babu wa babu yake alikuwa na matege, watu wakamwita hivyo, na wajukuu wamelibeba bila haya. Mimi simcheki. Huko kwao nako, kumbe, majina yalitoka kwenye miili ya watu na mambo yaliyowapata, kama kwetu. Lakini lake limechongwa kwenye shaba mlangoni, na meneja hujifunza kulitamka vizuri asije akamkosea. Langu halimpi tabu kulitamka. Analionea aibu tu.

Ijumaa akaja mama mmoja mtu mzima kununua redio, kajitanda kanga. Kibao nilikuwa nimekitia kwenye droo. Meneja alikuwa nyuma yangu.

"Ahsante mwanangu, umenieleza vizuri. Unaitwa nani?"

"Mtupeni."

Akauweka mkoba wake juu ya kaunta, akanitazama. "Mama yako alizika wangapi?"

"Watatu."

"Mie wawili. Ndipo nikampata wangu, nikamwita Siwatu ili kifo kimpite; sasa ana ndevu, ananibishia kila kitu." Akacheka, akanishika mkono. "Mungu amweke mama yako."

Hakukimbia, Mama. Alilipa, akaondoka na redio yake. Meneja akangoja atoke.

"Hadithi za makaburi kwenye biashara yangu! Jumatatu ukija bila kibao, usiingie."

Nikakitoa kwenye droo nikamwekea mezani. "Basi mtafute huyo Tina, bosi. Kazi yake ipo."

Atupele amebaki, ana watoto wa kulisha, simlaumu. Alinisindikiza mpaka getini, akapaza sauti stoo wasikie: "Kwa heri, Mtupeni!"

Mama mdogo hajanielewa. "Ungekivaa saa za kazi, ukitoka ukakivua. Jina linapikwa na dagaa?" Huenda ana haki, maana mwezi huu sitaweza kuwatumia kitu, na hilo linaniuma. Kuna shule ya chekechea Kipawa inayotafuta mwalimu, kesho nitakwenda. Lakini nikikivaa kile kibao, naona kama nasema ile alfajiri haikuwapo, na wale watatu hawakuwapo.

Nisalimie bibi, na kaka, na wifi yangu na tumbo lake. Bi Zuhura, mwokotaji wangu, mbusie mikono yote miwili.

Nawe ukijibu, nakuomba kitu kimoja. Barua za mtaa wetu hufikia msikitini, na baada ya sala mzee mmoja huyasoma majina mbele ya watu wote. Usiandike "kwa binti yangu". Andika jina langu zima juu ya bahasha, alisome kwa sauti.

Ni mimi mwanao wa kuokotwa,
Mtupeni