Kete za Jaku

Makorora,
Tanga.
21 Novemba 1956

Mpendwa kaka Massoud,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko Wete? Mgongo umepoa, au bado unaubandika majani ya mbarika kila jioni? Sisi hatujambo. Wanu mwanao ni mzima na amenenepa, na leso ulizomletea zimefika. Mvua za vuli zimeanza, na paa langu linavuja palepale pa mwaka jana.

Sasa nije kwa huyo Jaku wako. Uliniandikia kwamba mlikaa barazani mkanywa kahawa, akakusimulia anavyozamia kete baharini na kuwauzia Wazungu wa meli hapa Tanga, nawe papo hapo ukampa neno la kumwoza Wanu. Mimi ukaniagiza nimtazame tu, kama shangazi. Nimemtazama, kaka, na macho bado yananiuma.

Alikuja Ijumaa baada ya sala, kavaa kanzu nyeupe pe, mfukoni pana doa la mafuta kubwa kama kisahani. Akatoa mfukoni humo shada la kete zinazong'aa, zawadi ya Wanu. Akasema amezizamia mwenyewe kwa pumzi moja, mkondo unamvuta. Amezamia kete. Wewe na mimi tuliokota kete tukiwa na meno ya utoto, maji yakitufika vifundoni. Mtu wa kuzamia kete atapanda mnazi kuchuma mchicha.

Wanu alizipokea kwa adabu. Alipozivaa zikamwachia mstari wa mafuta ya nazi shingoni. Mgeni alipoondoka nilizisugua kwa sabuni na maji ya moto, zikabaki zimefifia kama chokaa. Zilikuwa kete mfu za kuokota mchangani, zilizokwisha kuchomwa na jua, akazipaka mafuta ili zionekane zimetolewa hai. Nikaona nimpe nafasi ya pili, usije ukasema nimemwonea.

Jumatatu ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, nikamwalika pwani ya Mwambani pamoja na Wanu na jirani yangu Kijakazi. Akaja na viatu na soksi. Soksi, kaka, kwenye miamba. Na desturi yetu unaijua: ukigeuza jiwe unalirudisha kama ulivyolikuta, maana vilivyo chini yake vikipigwa na jua vinakufa. Yeye alikuwa anageuza na kuacha, anageuza na kuacha. Wanu akamfuata nyuma anayarudisha mawe, asubuhi nzima.

Chini ya jiwe moja akakuta kete hai. Unajua inavyokuwa ikiwa hai, imejifunika nyama yake nyeusi hata gamba halionekani, na nyama hiyo ndiyo inayoling'arisha. Jaku akaishika kwa ncha za vidole, akakunja uso, akaitupa.

“Konokono mchafu huyo,” akasema.

Mzamiaji wa kete huyo. Kijakazi aliinama akajifanya anatoa mwiba mguuni.

Wanu akaiokota, akaigusa kwa kidole. Nyama ikajivuta ndani polepole, gamba likatokea linang'aa, akampa Jaku alione. Bwana akaligeuza, akalinusa, kisha akauliza, na hakuwa na mzaha, “Nani kaipaka mafuta hii?”

Wanu akaichukua mkononi mwake, akairudisha chini ya jiwe lake.

Nilicheka nilipofika nyumbani, kisha nikaona uchungu, kwa sababu huyo ndiye uliyempa mwanao. Kutojua kete si dhambi. Kuna watu wema Maramba hawajaikanyaga bahari, wala hawajidai. Lakini mtu anayetudanganya sisi watu wa pwani kwa kete, ambayo kila mtoto anaijua, anatuona wajinga, na mjinga ni yeye. Kesho atamdanganya Wanu kwa unga na kwa mke wa pili, na uso wake utakuwa mkavu vilevile.

Mimi namdharau na sifichi. Ila walii wake wa kumwoza ni wewe, neno umelitoa wewe, naye anatangaza mtaani kuwa ndoa ni mfungo nane, mwezi huu unaokuja. Nikimkataa mimi atasema shangazi ana wivu. Barua ya kumkataa iandike kwa mkono wako, na upesi.

Nisalimie wifi Mize na watoto. Kijakazi anakusalimu, bado anacheka. Mungu akupe afya, akuzidishie riziki, na akupunguzie kahawa za barazani.

Kabla sijafunga bahasha nimemuuliza Wanu ana neno gani kwa baba yake. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa.

“Mwambie baba jiwe hili kaligeuza yeye,” akasema. “Alirudishe yeye.”

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira nawe,

Mwanaasha