Maziko Niliyoyaruka

Likasi, Jumapili mchana

Kwako Yaya Angèle, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia kwa upendo, wewe, shemeji Arsène na watoto wote. Natumaini barua hii inawakuta na afya, na kwamba mguu wa shemeji umepona. Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Vumbi ni lile lile na umeme unakuja unapotaka. Utashangaa kuona kalamu badala ya ujumbe wa simu. Nakuomba usome polepole, usiruke mstari.

Tumesikia kwamba unakuja kumchukua Papa, umpeleke kwa daktari wa kichwa huko Lubumbashi, kisha akae kwako moja kwa moja. Hakubisha. Redio yake ameshampa Papa Jean-Claude, mwenzake wa zamani kwenye machimbo ya mawe ya Kakontwe. Asubuhi namkuta akijitajia majina ya watu waliofanya nao kazi, mmoja mmoja, akijipima kama bado anakumbuka.

Unajua tangu macho yake yazimike mimi ndiye ninayemsomea. Kabati la vitabu la parokia lililiwa na mchwa, basi nikaanza kupakua vitabu kwenye simu. Papa alifurahi mno. Alisema zamani alingojea kitabu kimoja mpaka wengine wote wakimalize, na sasa kabati zima liko mkononi mwa binti yake. Kila Jumapili baada ya misa aliwasimulia wenzake tulipofika, nao wakamtania kwa kumwita Bibliothèque, yaani maktaba.

Kitabu cha mwisho kilikuwa cha mjane anayedai shamba la marehemu mume wake. Papa akawasimulia jinsi shemeji wa yule mjane, mtu mkorofi kweli, alivyokuja kuomba radhi kwenye harusi ya mwishoni. Mama Marcelline wa kwaya, ambaye naye alikisoma kwenye simu yake, akamwambia kwa upole kwamba mtu huyo alizikwa katikati ya kitabu. Papa akabisha. Marcelline akafungua simu, akasoma maziko yote, mpaka udongo. Nyuma yangu mtu akasema ni uzee.

Njiani Papa aliniambia, “Kichwa yangu inaisha, mutoto. Miye nasahabu hata bantu benye balikufa.” Nikamjibu kwamba kusahau waliokufa ni uchovu tu. Tangu siku hiyo hataki kusomewa, wala kukaa na wenzake.

Yaya, Papa hakusahau. Hakusomewa. Mimi niliyekuwa nameza vitabu mpaka ukanificha ili Mama asinitume sokoni, leo ukurasa mmoja wa simu unanishinda. Kidole kinateleza, ujumbe wa kikundi cha akina mama unaingia, najibu, na mdomo unaendelea kumtungia Papa maneno ili asijue kwamba nimeondoka. Maziko yale niliyaruka. Ile radhi ya shemeji wa mjane niliitunga mwenyewe, huku nikibishana na wenzangu juu ya vitenge vya harusi ya jirani yetu Carine.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ameitembea Papa. Marcelline alipokuwa akisoma nilisimama pale pale na simu mkononi, nikaacha watu wamwone baba yangu amechakaa akili. Naona haya kukuandikia hivi. Naona haya zaidi kwa sababu nilikuwa nimeamua kunyamaza mpaka umchukue. Kichwa cha Papa ni kizima. Mwache nyumbani kwake.

Unakumbuka desturi ya nyumba hii: barua haitoki mlangoni kabla Papa hajaisikia. Yuko barazani, ananingoja. Wape watoto busu zangu, na shemeji mwambie asiukanyagie mguu haraka. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Henriette

Naongeza hapa chini. Nimemsomea barua hii mpaka jina langu. Akaniuliza kama hakuna mahali niliporuka. Nikaanza kumsomea tena, tangu salamu.