Gari la Mzee Tluway Limepanda Mlima

Baba,

Theresia ameolewa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza hilo kwanza, halafu ungeuliza alikwenda kanisani na gari gani. Subiri, nafika huko.

Tangu tukuzike Endamarariek, karakana ilikuwa imefungwa. Miezi minne, Baba. Ufunguo ninao mimi, lakini kila nikiushika naurudisha mfukoni. Baba mdogo akaanza kusema afadhali tuweke mahindi humo, maana nani ataleta gari kwa mwanamke? Kusema kweli, hata mimi nilikuwa najiuliza.

Theresia alitaka harusi iahirishwe. Mama akakataa kabisa. "Baba yenu aliisubiri siku hii, nyie mnataka kuikimbia?"

Basi Jumatano kabla ya harusi akaja rafiki yako Mzee Tluway, ameketi ndani ya lile gari lake refu jeusi, alilonunua kwa mzungu wa shamba la kahawa, linasukumwa na watu sita. Lile lile ulilomwahidi Theresia tangu akiwa darasa la pili kwamba litampeleka kanisani. Mzee akashuka, akavua kofia.

"Binti yangu, gari limekufa. Giaboksi imekwisha."

Fundi mmoja wa mjini alishamwambia kwamba giaboksi ya gari linalobadilisha gia lenyewe haitengenezwi huku, na spea hazipatikani. Mzee, kwa kuogopa lisimfie njiani, akaona bora lisukumwe. Alikuwa anawaza kung'oa injini aifunge kwenye mashine ya kusaga! Fikiria, Baba. Gari lile lisage mahindi.

Nikafungua karakana. Koti lako la kazi bado lilikuwa kwenye msumari. Nililinusa kwanza, nikalia kidogo, kisha nikalivaa.

Unakumbuka mara ya kwanza uliponionyesha gari lile? Sikupewa spana. Ulinikalisha kiti cha mbele ukasema, "Marselina, sikiliza kwanza. Spana haina masikio." Nilicheka, ukanikazia macho mpaka nikanyamaza.

Kwa hiyo nilimwambia Mzee Tluway apande, tukatoka na barabara ya Mbulumbulu. Lo! Gia ya kwanza haikutaka kuachia. Injini ilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia barabarani, halafu ya pili ikaingia kwa kishindo, kofia ya Mzee ikamfunika macho. Ya tatu vivyo hivyo. Mzee akasema, "Unaona? Imekufa." Lakini mimi nilikuwa nimesikia kitu kingine. Gia ikishaingia, gari linavuta vizuri, halitelezi hata kidogo. Giaboksi iliyokwisha huteleza. Hii ilikuwa inachelewa tu, halafu inabadilisha kwa hasira.

Tuliporudi niliacha injini ikinguruma, ikiwa ya moto, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Ilikuwa kwenye alama. Nyekundu, safi. Nikainusa. Uliniambia sahani za ndani zikiungua, oili huwa nyeusi na inanuka kama maharage yaliyokaukia chunguni. Haikunuka kitu. Nilitamani kupiga kigelegele pale pale, lakini Mzee alikuwa ananitazama.

Nikainamisha kichwa nikasikiliza. Fsss. Ndogo sana, upande wa nyuma wa injini. Ule mpira mwembamba, Baba, unaotoka kwenye injini kwenda giaboksi, unaoipa giaboksi habari kama injini inafanya kazi nzito au nyepesi. Ulikuwa umepasuka kwa chini, ufa wa urefu wa ukucha. Hewa inaingia, giaboksi inadhani tunapanda mlima na mzigo kila saa, ndiyo maana inachelewesha gia. Nikauziba ufa kwa kidole, na injini yenyewe ikatulia. Mzee akasogea. "Umefanya nini?" Nikamwambia, "Bado. Nimeziba tu."

Nilikata kipande cha mpira mgumu wa dizeli kwenye lile trekta bovu nyuma ya karakana, nikakiweka mahali pa ule uliopasuka, nikakikaza kwa waya. Basi. Hakuna spea wala nini.

Tukalipeleka mlimani, mpaka karibu na geti la Ngorongoro. Gia ya pili, ya tatu, laini kama siagi. Mzee akaanza kuimba Kiiraqw kwa sauti kubwa, dirisha wazi. Mmasai mmoja aliyekuwa anavusha ng'ombe akainua fimbo kutusalimu, na mimi nikapiga honi mpaka ng'ombe wakashtuka. Nilimwomba radhi kwa mkono. Alikuwa anacheka.

Jumamosi niliendesha mimi. Nilivaa gauni la bluu, kucha bado zina grisi. Mama na Theresia walikaa nyuma. Tulipofika katikati ya mlima wa kwenda kanisani Mama akapayuka, "Marselina! Mbona hubadilishi gia? Utaua gari la watu!"

Baba, ilikuwa imeshabadilika yenyewe mara mbili, hakusikia! Nilicheka mpaka ikabidi nisimame pembeni. Theresia naye akacheka, akasema, "Angekuwepo, angecheka hivi hivi." Hapo tukalia wote watatu, huku tunacheka, na wanakwaya kwenye lori nyuma yetu wanapiga honi wakidhani gari limeharibika.

Jana Baba mdogo alikuja na pikipiki yake, haiwaki. Habari za mahindi hakugusia. Aliiegesha tu mlangoni, akasema, "Itazame ukipata nafasi, fundi."

Fundi, Baba. Kasema mwenyewe.

Mama ananiita nikale, acha nikuage. Nakuahidi karakana haitafungwa tena kwa ajili ya huzuni. Nikitaka kulia nitalia mlango ukiwa wazi na kazi inaendelea.

Mwanao,
Marselina