Maziwa Niliyokunywa Norrköping

Hagsätra, Stockholm
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Kaka Elia,

Shikamoo, kaka yangu. Najua hapo nyumbani Baraka watu hawasalimiani hivyo, lakini ni wewe uliyenifundisha kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania ili wenzetu shuleni wasitucheke, na tangu hapo sijui salamu nyingine ya kukupa. Mgongo unaendeleaje? Shemeji aliniambia umeanza tena kulala sakafuni. Na ule ukuta wa jikoni ulioangushwa na mvua, mmeshausimamisha? Sisi huku ni wazima, ila mimi nimechoka. Silalamiki, nakupa tu habari ilivyo. Baridi ya mwaka huu imenikalia kifuani tangu mwezi wa kumi na moja na haitaki kushuka.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nami nitalia, na bando litaisha tukiwa hatujafika popote. Barua anakuletea Mama Mchungaji wetu, anayekuja huko kumwona binti yake aliyejifungua. Tafadhali isome mwenyewe. Usimpe mtoto akusomee.

Najua Dada Riziki keshakufikishia kwamba nimekunywa kinywaji cha wakwe kabla wewe hujasema neno. Najua pia alivyokutuliza: kwamba nilitoka kazini hoi, nikawekewa kikombe mbele yangu, nikasahau. Hadithi hiyo aliitunga mwanangu Neema ili kunikinga na hasira zako. Si kweli, Kaka. Sikusahau hata kidogo. Nilikunywa nikiwa na akili zangu zote, na ni haki yako uyasikie kwangu.

Uliniagiza vizuri. Ulisema, "Furaha, nenda ukawaone hao watu, lakini usiingie kwao, na usinywe hata maji." Tangu baba yake Neema atutoke wewe ndiye baba wa huyu mtoto, na kwetu kinywaji cha upande wa mume hakiguswi mpaka mkubwa wa upande wa binti aseme kinyweni. Kikishanyweka, binti ameshatolewa. Na najua kwa nini umenyamaza miezi yote hii. Yona, kijana anayemtaka Neema, ni mtoto wa watu wa milimani, watu wa ng'ombe, na sisi ni watu wa ziwani. Wewe uliiona nyumba ya mama ikiungua, na waliokuja kuiwasha walishuka kutoka huko juu. Mimi nilikuwa mgongoni mwako, nimefunikwa uso kwa kanga. Kwa hiyo sikuambii kwamba huna sababu.

Basi, Yona na wazazi wake wanakaa Norrköping, mji ulioko kusini ya hapa, saa moja na ushee kwa treni. Nilipowaambia kwamba siwezi kuvuka kizingiti chao, baba yake, Mzee Zabuloni, hakukasirika. Alisema tukutane nje, kwenye viwanda vya zamani vilivyo kando ya maji, mahali anapofanya kazi. Nikasema haya, benchi la barabarani si nyumba ya mtu.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kufanya kazi siku tisa bila kupumzika. Unajua kazi yangu ya kuwahudumia wazee majumbani kule Farsta. Asubuhi nzima ni kuwavalisha soksi, zile za kubana miguu isivimbe, ngumu kama mpira wa baiskeli. Nikifika kwa mzee wa sita vidole vimekufa ganzi. Kwenye treni nililala mdomo wazi. Neema akanisukuma, akaniambia kwa Kiswidi chake kwamba nakoroma na watu wanatuangalia. Nimemsemesha Kiswahili tangu yuko tumboni na bado ananijibu Kiswidi! Nikamwambia waache waangalie, nimelipa nauli na kukoroma kumo ndani.

Hapo mahali, Kaka, sijui nikueleze vipi. Mto unaingia mjini, halafu watu wa zamani wakaukata wakaugawa mifereji, kila kiwanda kipate maji ya kuzungusha mashine zake. Kwa hiyo maji yanapita katikati ya kuta za maghorofa marefu, na penye ngazi ya mawe yanaporomoka kwa kishindo mpaka mnazungumza kwa kupaaza sauti. Theluji ilikuwa inayeyuka, mto umefura. Humo walikuwa wanafuma vitambaa, vya nchi nzima na vya ng'ambo, na wafumaji wengi walikuwa wanawake. Viwanda vikafa kimoja kimoja. Nusura wabomoe vyote, halafu wakafikiri upya wakavitengeneza. Sasa kuna ofisi, madarasa ya wanafunzi wa chuo, ukumbi wa muziki, na mikahawa ambayo kahawa yake sikuthubutu kuuliza bei. Jengo moja limejengwa ndani ya maji kabisa, limechongoka upande mmoja, wenyeji wanaliita Pasi. Humo wameweka kumbukumbu za watu waliofanya kazi. Nilishangaa. Sikujua kwamba kazi za watu wa chini nazo zinawekewa nyumba.

Mzee Zabuloni alitupokea kwenye daraja. Ni mfupi, kavaa kofia ya sufu, magoti yanamsumbua, anapanda ngazi kwa kuhesabu. Mkewe alikuwa na kikapu, akanishika mikono yote miwili. Yona alikuwa nyuma, ameinama kama mtu aliyevunja sahani.

"Karibu, mama," Mzee akasema. "Njoo nikuoneshe shamba langu."

Shamba lenyewe ni korido na ngazi za kusafisha. Alinieleza kwamba kwenye kambi yao ya wakimbizi, walipoulizwa wanataka kufanya kazi gani Ulaya, yeye alijibu kiwandani, maana aliwahi kusikia kwamba mzungu akikupa kazi kiwandani hufi njaa. Wakamleta kwenye mji wa viwanda. "Nikafika, mama, viwanda vilishafungwa zamani! Nikapewa ufagio, nifagie pale vilipokuwa." Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, na ni hadithi aliyoisikia mara mia, inaonekana.

Kuna ukumbi mmoja sakafu yake ya mbao ina doa kubwa jeusi. Ni mafuta ya mashine, yamezama humo tangu enzi hizo. Mzee alipoanza kazi alilisugua wiki nzima, alfajiri kwa alfajiri, akidhani ni mtihani wamempa. Msimamizi wake akaja mbio kumwambia aache, hilo ni la kutunzwa. "Nikamwambia, uchafu wa zamani mnanikataza, wa leo mnanidai. Nyinyi watu mnataka nini?" Nilicheka na mimi. Sikuwa nimepanga kucheka. Nilikuwa nimekuja na uso wangu wa msibani, ule unaoujua.

Tulizunguka mpaka miguu yangu ikakataa. Nikaketi kwenye benchi kando ya mfereji, nikavua kiatu kimoja mbele ya wakwe, Mungu anisamehe. Hapo ndipo Mama Yona akafungua kikapu. Akatoa chupa ya chai na kikombe kimoja cha bati, akamimina. Haikuwa chai. Ilikuwa mtindi, aliougandisha mwenyewe jikoni kwake kwa maziwa ya dukani, maana kibuyu hana na ng'ombe hana. Kwao hicho ndicho kinywaji. Bia na soda mtu yeyote anapewa, ila maziwa hupewi kama hawakutaki.

Akakiweka kikombe kwenye benchi, katikati yangu na yake. Wote tukakiangalia.

Nikasema nilichoagizwa. Nikasema, "Mnisamehe. Kaka yangu bado hajasema. Ana machungu yake."

"Tunajua," Mama Yona akajibu. "Hata sisi tulizika."

Alisema hayo tu. Hakuniambia ni nani, wala hakuniuliza wetu ni nani. Maji yakaendelea kupiga kelele.

Neema ndiye aliyeharibu. Alianza kwa Kiswidi, halafu, ili wazee wasikie, akahamia Kiswahili, na unajua mtoto huyu akisema Kiswahili ujue mambo yamemfika shingoni. "Mama, mwezi wa sita tunakwenda kuandikisha ndoa serikalini. Tumeshajaza karatasi. Mjomba akikataa au akikubali, sisi tumeshaamua. Siwezi kungoja mtu ambaye hata hapokei simu yangu!"

Kaka, nilitamani ule mfereji unimeze. Nikamtazama Yona, naye akaangalia viatu vyake. Nikajua sasa Mzee atafurahi, maana mchezo umekwisha, wanamchukua binti bila jasho.

Mzee Zabuloni akainua mkono. "Hapana, binti. Usiseme hivyo mbele yangu. Mjomba wako ni mtu, harukwi kama dimbwi. Yeye ndiye aliyemlea mama yako. Kama ni mwaka, tutangoja mwaka. Kama ni miwili, mkae hivyo hivyo miwili. Yona, hizo karatasi kazirudishe." Halafu akanigeukia. "Mama Neema, hicho kikombe usikiguse. Tutakirudisha nyumbani. Siku kaka yako akisema, tutamimina kingine."

Akanyoosha mkono akichukue.

Sijui utaniona mjinga. Miaka yote hii nimewaogopa watu hao, nimewakwepa kanisani, nimebadilisha kiti kwenye treni kule Rinkeby nikisikia lafudhi yao. Na sasa mzee wa watu hao, ambaye wewe hutaki hata kusikia jina lake, ndiye aliyesimama akatetea heshima yako mbele ya mtoto wangu mwenyewe, aliyekuwa anaikanyaga. Mimi sikuitetea. Nilikuwa nimenyamaza, nimevua kiatu.

Nikakiwahi kikombe. Nikanywa, Kaka. Nilikunywa chote, taratibu, na sikuwa na kiu. Kusema kweli sikuupenda ule mtindi, mzito na umechacha, sisi watu wa samaki hatuna tumbo la vitu hivyo. Nilikunywa kwa jina langu na kwa jina lako, na la kwako sikuwa na ruhusa nalo. Hilo ndilo kosa langu na ninaliungama. Ukitaka kumkataa mtu, nikatae mimi. Yona na wazazi wake walikusubiri. Nimechoka na kazi, nimechoka na baridi, lakini kilichonichosha kuliko vyote ni kuwachukia watu nisiowajua hata majina.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama Yona alijifunika uso kwa kitenge. Neema akawa anasema, "Mama, umefanya nini? Mama, umefanya nini?" kana kwamba si yeye aliyetaka. Mzee alivua kofia, akakaa nayo magotini. Ana upara mtupu na sikio moja limekatika nusu. Baadaye akasema, "Sasa mimi lazima niende Baraka. Kinywaji kimenyweka bila mwenyewe, siwezi kulala. Nitakwenda nikamwombe kwa mdomo wangu."

Nilidhani ni maneno ya mzee. Lakini juzi Yona amenitumia picha ya tiketi. Mzee amechanjwa sindano zote, watoto wake wamemlilia asiende, amekataa. Tangu alipokimbia hajarudi upande huo. Anajua atapita wapi, anajua watu wakimsikia anavyosema watamjua ni wa wapi. Hataki mshenga, anasema mdomo anao. Mwezi wa saba, wiki ya pili, atakuwa mlangoni kwako.

Nisalimie Shemeji, mwambie vile vitenge nimeviona na nitamchagulia cha rangi aliyotaka. Msalimie Dada Riziki, asiache kusema, maana bila yeye tungepata wapi habari. Msalimie shemasi wa kanisa lenu, na Mama Asende jirani, muuza ndagala, mwambie vile visamaki alivyonitumia tulivila vyote na Neema akalamba sahani. Watoto wote wabusu mmoja mmoja.

Kaka, maziwa hayapandi ndege, kwa hiyo Mzee Zabuloni atafika kwako mikono mitupu. Atabisha hodi kwa sauti ya chini, ndivyo anavyosema. Kama moyo wako utakuwa bado haujalainika, usijilazimishe kunywa naye, sitakulaumu. Ila usimwache mtu mzima amesimama juani. Mpe kiti, halafu mpe maji ya kunywa.

Mdogo wako,
Furaha, Mama Neema