Bawa la Kifaru

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe na shemeji, pamoja na wanangu hao uliowazaa wewe nikabaki kuwadekeza mimi. Goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza ngazini? Na yule wa mwisho bado hakubali kulala bila kiatu mkononi? Mimi ni mzima, nafua na kupiga pasi kama kawaida, na kama kuna kinachoniuma basi si mwilini. Nimechagua kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, ukaniambia nimwache tu, na mimi nimeshamaliza kumfanya nilichomfanya.

Nianzie mbali kidogo. Ile katuni yetu ya utotoni, Ngome ya Mawingu, wameitengeneza upya. Yumo Binti Upanga, yumo kifaru wake mwenye mabawa, na yumo Malkia wa Majivu na kinyago chake kisichovuliwa. Safari hii rangi zinang'aa hadi macho yanauma, na kifaru wamemwongezea akili. Msimu wa kwanza umekwisha, wa pili uko njiani, na mashabiki hawana usingizi. Kwenye kundi letu la simu yuko anayeapa kwamba kifaru atakufa. Mwingine amepima kivuli cha malkia kwenye bango jipya na kutangaza kwamba ana mimba. Bibi mmoja mstaafu anaandika kwa herufi kubwa tupu kwamba Binti Upanga asipoolewa, yeye hatazami tena. Nawasoma wote wakati shuka za hoteli zinakauka, nacheka peke yangu mpaka msimamizi anauliza nimepatwa na nini.

Lakini anayesikilizwa kuliko wote wanamwita Profesa. Ana chaneli yake, ana kofia yake, ana wafuasi wa kujaza uwanja. Yeye habashiri kama wengine, eti anajua. Anasema katuni ya zamani ilikuwa na sehemu ya mwisho iliyoonyeshwa mara moja tu ikapotea, kwamba yeye aliiona kwa macho yake akiwa mtoto, na kwamba msimu mpya lazima uifuate. Dada, Profesa ni binamu yetu. Ndiyo, yule yule mtoto wa shangazi aliyekuwa akitufungia mlango wa sebule, tukabaki kupokezana tundu la ufunguo.

Nilimsikia akiisimulia sehemu hiyo nikiwa na pasi mkononi. Malkia anavua kinyago. Chini ya sikio ana kovu la moto, dogo kama mbegu ya tikiti. Anamkalisha Binti Upanga mbele yake, anaanza kumsuka kutoka upande wa kushoto, huku akiimba na mdomo umefungwa, na hapo binti anatambua kwamba huyu ni mama yake aliyedhaniwa kafa. Nilisimama kama gogo mpaka harufu ya kuungua ikanizindua. Shuka ya watu ilikuwa imeshaharibika.

Kovu lile ni la mama yetu. Kuanza kushoto ni kwa mama yetu. Na wewe na mimi tunajua kwamba sehemu ya mwisho haikuonyeshwa kamwe. Jioni ile televisheni ilituletea ndondi, shangazi akaizima, na katuni haikurudi tena. Nililia, nawe ukanivuta nyuma ya kochi ukanitungia mwisho, na ndani yake ukamweka mama, ambaye kaburi lake lilikuwa bado bichi. Binamu alikuwa chumbani na homa kali. Kesho yake ulipompelekea maji, ulimwambia kwamba sehemu ya mwisho imeonyeshwa na yeye ameikosa, ukamsimulia. Uliporudi jikoni ukaniambia umemlipizia mlango wake, tukacheka huku tumeziba midomo kwa vitambaa vya vyombo. Kumbe aliimeza nzima nzima! Miaka yote hii anaamini kwamba ilionyeshwa. Aliloongeza yeye ni kwamba aliiona.

Hata hilo ningelimeza. Nililoshindwa kulimeza ni pale aliposema kwamba aliitazama pamoja na watoto wawili wa kulelewa, wasaidizi wa kazi nyumbani kwao, ambao hawakuelewa chochote mpaka yeye awafafanulie. Kisha mashabiki wakaanza kumchora mama, kovu na yote, na kumjadili kama mali ya sokoni. Mmoja akaandika kwamba mwanamke anayemwacha mtoto wake akajifanye malkia anastahili kuchomwa. Profesa akamjibu kwa vicheko. Mama yetu, Dada, ambaye alitushika mikono mpaka nguvu zikamwisha. Nikaapa kwamba huyu nitakula naye sahani moja.

Sikumrukia. Nilijiunga na chaneli yake kwa jina la bandia, nikaanza kumvika kilemba cha ukoka. Nilimwambia kwamba kumbukumbu zake ni hazina, kwamba hakuna aliyejaliwa kichwa kama chake. Akavimba. Kila nilipomuuliza jambo dogo alinijibu kwa jambo kubwa. Alikumbuka rangi ya pazia, alikumbuka mvua dirishani. Siku moja nilikuwa nakunja foronya iliyochanika, wazo likanijia, nikamwandikia kumuuliza kama anakumbuka pale kifaru alipokatika bawa la kulia, Binti Upanga akalishona kwa unywele wake mwenyewe. Nilimwonyesha mwenzangu wa meza ya kukunja kabla ya kutuma, naye akaniambia kwamba hata mtoto hawezi kunasa kwenye mtego wa wazi namna hiyo. Profesa akanijibu papo hapo kwamba anakumbuka sana, alilia mpaka mama yake akamletea taulo. Shangazi na taulo! Shangazi yupi huyo?

Jumamosi mashabiki walikodi ukumbi ili wabishane ana kwa ana kabla ya msimu kuanza. Nilienda na mwenzangu, nikavaa gauni lile la kijani ulilonipa. Binamu alikaa mbele kwenye kiti cha mikono, kofia kichwani, na hakunitambua. Wakati wa maswali niliinuka, nikamwomba kwa adabu atusimulie tena habari ya bawa. Akaisimulia, na safari hii akaongeza kwamba kifaru alitoa chozi moja. Watu wakaguna kwa huruma, bibi mstaafu akafuta macho. Nilimwacha amalize. Kisha nikawaambia kwamba bawa hilo nilimkata kifaru mimi mwenyewe, kwenye meza ya kukunjia nguo, na shahidi wangu ni huyu hapa. Nikajitambulisha kwamba mimi ni mmoja wa wale watoto wa kulelewa. Nikawaeleza habari ya ndondi, habari ya kochi, na kwamba aliyeutunga mwisho ule ni dada yangu, na kovu lile lilikuwa la mtu aliyetuzaa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mlango wa ukumbi ulikuwa mbali naye. Alipokuwa akitoka, kijana mmoja alinyanyua mkono mmoja akaupiga kama bawa, na jirani yake akafanya vivyo hivyo, mpaka ukumbi mzima ukawa unapiga bawa moja moja kimya kimya. Sijawahi kuona kitu kitamu kama hicho. Nilirudi nyumbani nikala nikashiba, nikalala kama mtoto mchanga.

Sasa nifike kwenye lile lililonishikisha kalamu. Jumatatu alikuja kazini kwetu, mlango wa nyuma, kule tunakopokea vikapu vya nguo chafu. Hakuwa na kofia. Nilidhani amekuja kugomba, nikajiandaa. Akasema hana la kujitetea, ila ana swali moja. Akaniambia kwamba iko sehemu ya hadithi ambayo hajawahi kumsimulia mtu, wala kwenye chaneli. Anakumbuka kwamba siku ile ya homa ulimwambia kuwa malkia, alipomaliza kumsuka binti yake, aliuliza nani bado yuko nje. Binti akajibu kwamba ni yule mvulana aliyetufungia mlango. Malkia akamwambia aende akamfungulie, kwa sababu naye pia ni mtoto. Binamu alisema nyumba ya shangazi ilikuwa ngumu hata kwake, na maneno hayo ndiyo yaliyompa usingizi siku nyingi. Alitaka tu kujua kama uliyasema kweli, au aliyaota kwa homa.

Nilimtazama usoni, nikamwambia hukuyasema. Nikamwambia ni homa tu. Aliitikia kwa kichwa, akaomba radhi kwa kunisumbua, akapita katikati ya vikapu akaenda zake. Nami nilifurahi, Dada. Sikufichi, nilifurahi kuliko siku ya ukumbini.

Lakini nilijua. Nilijua kabla sijafungua mdomo. Kila watoto wa jirani walipotuvunjia kitu, tukakimbilia kwa mama kushtaki, alitujibu maneno gani? Naye pia ni mtoto. Binamu hakuwahi kumsikia mama akiyasema, maana shangazi na mwanawe walikuwa hawakanyagi kwetu mama akiwa hai. Asingeweza kuyaota. Ulimpa wewe, ukamfungulia mlango ndani ya hadithi yangu, kisha ukaja jikoni kucheka nami kana kwamba tumemkomoa. Nina hasira naye, na sasa nina hasira nawe pia, kwa sababu hukuniuliza.

Usiniambie nimsamehe. Sijamsamehe, na bawa lile nitamkata tena kesho nikipata nafasi. Ila maneno yale ni ya mama, nami nimemnyang'anya mtu kwa mkono wangu. Kumrudishia siwezi, ulimi unakataa. Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukitaka kumfungulia, mfungulie wewe.

Nisalimie shemeji, mwambie redio yake bado ninayo na bado haisemi. Wabusu wanangu, na yule wa kiatu mbusu mara mbili. Msimu mpya ukianza nitautazama nikiwa juu ya kochi, miguu juu, ingawa moyo wangu unaniambia kwamba malkia wao havui kinyago.

Ni mimi mdogo wako wa nyuma ya kochi,

Pilipili