Makofi Juu ya Jeneza la Egidio Tavernari

Mwaka umegeuka, baba, tangu tulipokutoa mlangoni mwa kanisa la Roncovado na umati uliofurika nje ukalipuka kwa makofi. Ni desturi yetu kumpigia makofi marehemu anapotoka kanisani, tunajua. Lakini tulizitazama zile nyuso, tukatambua nani ni nani, na mama akainama sikioni mwa Noemi akasema, "Nishike, mwanangu, nitatapika." Watu walidhani ni uchungu. Kilikuwa kinyaa, na mpaka leo hakijatutoka.

Tunakuandikia kwenye karatasi ya ukutani, mkabala na baa ya stesheni, kama tunavyowakumbuka wafu wetu wote hapa mjini. Na wao wakipita, wasome.

Ulikuwa mwenye kiwanda cha vifungo, mtoto wa mwenye kiwanda cha vifungo, na makoti yako yote yalinuka vumbi la pembe za kuchongea vifungo hata yakitoka kwa dobi. Ukisimama kuzungumza na mtu, mkono wako ulikuwa umeshafika kwenye kifungo chake. Ulikipapasa, ukakigeuza. "Hiki si changu, Baba Askofu," ulisema siku ile ya kipaimara, "ndiyo maana kimelegea." Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Askofu alicheka, akaja kiwandani kutaka vingine.

Orsola wa mashine za kutobolea alipokatika vidole, hukungoja gari la wagonjwa. Ulimpakia kwenye gari lako, damu ikatapakaa viti, na hukukubali viti vile vibadilishwe. Mwanao Fulvio alipokuuliza kwa nini, ulimjibu, "Niache nivione." Orsola bado anakuletea maua. Yeye hakupiga makofi siku ya mazishi.

Timu ya mpira ya mji uliichukua ilipokuwa haina mwenyewe, wachezaji wakioga kwa maji ya ndoo nyuma ya ukuta. Ukaezeka jukwaa, ukainunulia timu ya wasichana basi lao, ukamsomesha kipa hadi akawa mwalimu. Tuseme kweli, baba, uliipenda kuliko ulivyotupenda sisi. Siku ya harusi ya Noemi ulitoroka mezani na kitambaa cha chakula kikiwa bado shingoni, tukakukuta garini umekumbatia redio, unamtukana refa. Tulikununia wiki nzima. Ukatupikia polenta, ule ugali wetu wa mahindi, na sungura, sote tukalainika.

Kisha ukaugua, na timu nayo ikaugua. Jumapili ile ya mwisho mama alikusukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka jukwaa kuu, blanketi magotini, mvua ikinyesha. Tulihitaji sare tu. Tukafungwa, tukashuka daraja, na jukwaa la ng'ambo likageuka kukutazama wewe. Walianza kupiga miluzi. Huku kwetu mtu akikupigia mluzi uwanjani amekutukana matusi yasiyo na maneno, na ile haikuwa ya mtu mmoja, ilikuwa ya mji mzima. Mmoja akapaza sauti, "Nenda zako kafe, mzee, na vifungo vyako!" Wakacheka. Chini ya paa uliloliweka wewe, wakacheka.

Gualtiero Pessani, makamu wako kwenye timu, aliyekuwa akikubebea mwavuli na kuonja mvinyo wako kabla yako, aliinuka taratibu akaenda kukaa mbali nawe, asije akaonekana pichani. Mama alikufunika blanketi vizuri, akakuuliza, "Unalia, Egidio?"

"Jua hili," ulisema. "Limenipiga machoni."

Hukuuliza tena habari za timu. Wiki chache baadaye ukafa, na viganja vilevile vikakupigia makofi. Pessani alilia kwa sauti kuliko sisi watoto wako. Hana haya usoni, yule.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani na sinia la keki, sasa yeye ndiye mwenyekiti. Alitaka uwanja uitwe kwa jina lako, na mama ndiye avute kamba kitambaa kianguke, jina lionekane.

"Mji mzima unamlilia, Bibi Ersilia," alisema.

"Mji huu ulimpigia miluzi," mama akamjibu. "Na wewe ulihama kiti."

"Ah, hasira za mpira hizo! Watu wanapandwa, halafu yanaisha."

"Kwake hayakuisha. Alikwenda nayo kaburini." Mama hakugusa keki. "Nitakuja kwa sharti moja. Kabla sijavuta kamba, useme mbele ya wote: tulimkosea, tunaomba radhi. Basi. Sitaki hotuba."

"Nitasema, Bibi Ersilia. Kwa kinywa changu hiki."

Fulvio alipinga. "Mama, huyu anataka kujikosha kwa jina la baba. Usiende." Mama alimwambia anyamaze. Radhi hiyo aliitaka, baba, kuliko jiwe lolote la marumaru. Alikuwa akiamka nayo na kulala nayo. Alitaka uisikie, popote ulipo.

Basi Jumapili iliyopita tulikwenda. Jukwaa limejaa, wachezaji wamefunga vitambaa vyeusi mikononi, padri Celso kabariki. Pessani akashika kipaza sauti. Akasema sisi sote ni familia moja. Akasema, "Tulimpenda hadi pumzi yake ya mwisho!" Akasema ulikufa ukiwa na furaha kwa sababu ulijua unapendwa. Tuligeuka kumtazama mama. Alikuwa ameshika kamba, anangoja. Bado alikuwa anangoja sentensi yake. Pessani akafuta jasho, akanyoosha mkono kwake huku anatabasamu. "Na sasa, Bibi Ersilia, tafadhali!" Na watu, bila kuambiwa, wakaanza makofi.

Mama aliiachia kamba. Alivua glavu, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi. Sisi wanawe hatukujua kama anaweza. Alijifunza usichanani, kwenye kiwanda cha kusokota hariri, ambako wasichana walipigiana miluzi kwa sababu mashine zilimeza sauti. Mluzi ule ulipasua uwanja. Ulikwenda mrefu, mkali, wa kuudhi, mpaka makofi yakafa na kipaza sauti cha Pessani kikapiga kelele chenyewe.

Kisha akasema, bila kipaza sauti, na walisikia:

"Huu ndio aliousikia mara ya mwisho hapa. Msiniambie habari za mapenzi."

Tukamshika mkono tukatoka. Nyuma yetu hakuna aliyethubutu kuvuta ile kamba. Jina lako halitakaa pale, baba, tumewaandikia tumewakataza. Wauite kwa jina la Pessani, wanafanana naye.

Getini mtu mmoja alitukimbilia, yule dereva wa gari la mikate, Ottorino, mnene, anahema. Alisimama mbele ya mama akashindwa kuinua macho.

"Bibi, mimi nilipiga. Siku ile. Nilipiga sana."

"Hukunipigia mimi," mama alisema. "Usiniombe mimi. Unajua alipo."

Jumatatu asubuhi mama alipokwenda kukubadilishia maji ya maua, alimkuta huko. Gari la mikate liko nje ya geti la makaburi, limeachwa taa zikiwaka, na mkate wa watu unapoa. Alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, anazungumza nawe. Mama hakumkatisha. Alirudi nyumbani bila kubadilisha maji, akatuambia, "Amekuja mmoja." Akakaa jikoni, akalia kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika. Uwanja mzima ule, baba. Mmoja.

Misa yako ni Alhamisi jioni, kanisa la Mtakatifu Rocco. Tunaomba ukimya mwanzo hadi mwisho, na atakayepiga makofi atatolewa nje.

Tunaokukumbuka ni mkeo Ersilia; wanao Noemi na Fulvio; mkweo Dario, uliyemwacha mezani peke yake siku ya harusi; wajukuu Agnese na Tobia; dada yako Iolanda; na Orsola, ambaye si ndugu kwa damu ila tumemwandika.

Hutatutoka moyoni, baba. Sisi tulikupenda ulipokuwa ungali unasikia.