Geji Ilisema Baridi

Mjukuu wangu Eliya, marahaba. Huku Usangi hatujambo, mama yako anavuna maharage. Unauliza kwa nini geji ya joto ya boti yenu inasoma baridi injini ikinguruma.

Asubuhi moja pale Ziwa Jipe babu yako aliendesha boti, nami nikasinzia ndani ya ukungu, nikaota nimekaa jikoni. Nilipozinduka, kifuniko cha injini nilichoegemea kilikuwa kinaunguza.

"Zima!" nikamwambia.

"Mbona geji inasema baridi?"

"Njoo uguse."

Akazima upesi. Maji ya kupozea yalikuwa yamevuja, kipimo kikawa kinapima hewa tupu. Tukaelea kimya kwenye matete mpaka ikapoa, akaongeza maji, tukafika.

Toka hapo, babu yako akisema hajambo, bado nilimgusa paji la uso.

Bibi yako